Nywele za Kujaa Haziuzwi Kwenye Chupa, Uzi wa Bibi wa Mitole Umeumbua Watu

Mjini kuna mambo jamani. Kuna mdada mmoja maarufu, sura yake haikosi kwenye simu za watu, jina kapuni, ambaye kwa miezi kadhaa amekuwa akiuza mafuta ya "kujaza nywele ndani ya siku 14". Chupa moja elfu 45. Kila akiposti video anashika nywele zake, anazitikisa, zinamwagika mpaka kiunoni, halafu anaangalia kamera na kusema siri yote iko kwenye chupa. Mashabiki wanajazana wakiomba namba ya kuagizia.

Tatizo ni moja tu. Zile nywele anazotikisa ni wigi. Wala haihitaji mpelelezi, mtu yeyote aliyewahi kukaa saluni anaiona gundi pale mbele ya paji.

Sasa tuelewane mapema kabla watu hawajakunja ngumi. Kuvaa wigi siyo dhambi. Wigi ni vazi kama kiatu, mtu anavaa, anavua, maisha yanaendelea. Kosa ni kuvaa wigi halafu kumuuzia mwenzako chupa ukimwambia hivyo unavyoonekana vimetoka humo. Hapo siyo urembo tena, ni kumla mtu pesa mchana kweupe.

Na wanaoliwa siyo wenye nazo. Wanaoliwa ni kama binti mmoja wa Mitole, kule Kilwa, mkoa wa Lindi, umri wake miaka 23, ambaye anauza duka la nguo Mbagala.

Pesa ya ufuta ilivyoishia kichwani

Huyu binti alinunua chupa tatu. Laki moja na elfu 35. Kwa mtu wa mshahara wake hiyo siyo pesa ya kuokota, na kweli hakuiokota. Mama yake aliuza ufuta. Anayejua Lindi anajua ufuta pale ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo harusi. Mtu analima, anapalilia, anavuna, anaukausha, anaupukuta kwa mkono, halafu anasubiri mnada. Mama alipolipwa akamtumia mwanawe pesa anunue kitambaa cha sare, kwa sababu dada mtu alikuwa anaolewa. Sare ikakatwa ya bei poa, pesa iliyobaki ikaenda kwa mdada wa wigi.

Siku ya 14 ikafika. Hakuna kitu. Akaambiwa nywele zake "ni ngumu", aongeze chupa. Akaongeza. Huku nyuma aliendelea na yale aliyoyazoea: rasta ndogondogo za kubana kila wiki tatu, zikitoka anabandika wigi kwa gundi, gundi ikitoka inatoka na nywele. Baada ya miezi mitatu nywele za mbele zilikuwa zimerudi nyuma vidole viwili. Anajipiga picha kwa upande mmoja tu, ule wenye nafuu.

Harusi ikafika. Akapanda basi la kusini pale Rangi Tatu, akavuka Daraja la Mkapa pale Rufiji, akashuka Nangurukuru na kuunga usafiri mpaka nyumbani Mitole. Wigi kichwani, na lingine kwenye begi.

Bibi yake alikuwa amekaa barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Hujambo? Na hicho kichwani umefunikwa nini, kuna mvua huko ulikotoka?"

"Bibi nawe! Ndiyo fasheni."

"Haya. Na nywele zako umemwachia nani?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Usiku, walipobaki wawili, akavua. Bibi akasogeza taa, akaangalia mbele, akaangalia kisogoni, akapapasa kwa vidole. Hakumsema. Alimwambia neno moja tu, "Kaa chini," akaagiza aletewe mafuta ya nazi na uzi.

Siku ya harusi yule binti alitoka bila wigi. Nywele zimesimama, zimejaa, zimezunguka kichwa kama za mtu mwenye nywele mara mbili ya zake. Pale mbele palipopungua palifunikwa na nywele zilizolazwa kutoka katikati. Picha zilipopanda mtandaoni, mashosti zake wa Mbagala swali lilikuwa moja: "Hilo wigi umetoa duka gani?"

Bibi hakufanya muujiza

Hapa ndipo watu wanapokosea, kwa sababu wakisikia hadithi kama hii wanataka kujua bibi ana mitishamba gani. Hana. Bibi anajua kitu ambacho mdada wa chupa hataki kijulikane: nywele kuonekana zimejaa na nywele kuongezeka ni vitu viwili tofauti.

Kichwa cha binadamu kina nywele kama 100,000 hivi. Kila unywele unatoka kwenye kishimo chake kwenye ngozi, na idadi ya vishimo hivyo inapangwa mtoto akiwa bado tumboni. Akishazaliwa, haviongezeki. Kwa hiyo hakuna mafuta, hakuna kitunguu, hakuna maji ya mchele yanayoweza kumwongezea mtu vishimo vipya. Nywele nazo zinakua kama sentimita 1 kwa mwezi, au zaidi kidogo. Siku 14 ni kama nusu sentimita. Hata upana wa ukucha wa kidole kidogo haifiki. Ndiyo ziamwagike kiunoni?

Zipo dawa za hospitali, kama minoxidil, ambazo madaktari huwapa baadhi ya watu wanaopoteza nywele. Hata hizo huchukua miezi, na hazimfai kila mtu. Dawa ya kweli ikiwa inaomba miezi, chupa ya mtandaoni inapata wapi ujasiri wa kuahidi siku 14?

Kingine ni ile hofu ya nywele kudondoka. Ni kawaida mtu kupoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku. Sasa piga hesabu. Msichana akisuka rasta wiki sita, siku 42, nywele zilizokufa humo ndani hazina pa kuangukia, zimebanwa. Siku ya kufumua zinatoka zote pamoja, kuanzia 2,100 mpaka 4,200. Anaona bonge la nywele mkononi, anapiga kelele, anakimbilia kununua chupa. Kumbe nyingi ya zile ni za kawaida kabisa. Biashara ya chupa inakula hapo hapo, kwenye hofu.

Siri ya uzi

Nywele za kipilipili zinajikunja. Zikilowa na kukauka zenyewe zinaweza kuonekana fupi kwa nusu au zaidi ya urefu wake wa kweli. Kwa hiyo wasichana wengi wanaolia hawana nywele wanazo, ila zimejikunja. Wengi dawa yao ni pasi ya moto au dawa ya kulainisha. Bibi dawa yake ni uzi.

Na uzi una akili kuliko unavyoonekana. Ndani ya unywele kuna vishikizo vidogo vinavyoachia ukilowa na kushika tena ukikauka. Ukikaukia umejikunja, unabaki umejikunja. Ukikaukia umenyooshwa ndani ya uzi, unabaki umenyooka mpaka ulowe tena. Hakuna kilichoungua na hakuna kilichovunjika. Pasi ikizidi moto inaunguza protini yenyewe ya unywele, na ndiyo maana kuna wadada ambao baadhi ya nywele zao hata zikioshwa hazijikunji tena, zinaning'inia kama nyasi zilizopigwa jua.

Alichofanya bibi kinaweza kufanyika Mitole, Mbagala, Mwanza au Muscat. Kilienda hivi:

Kwanza nywele zilipakwa mafuta ya nazi saa kadhaa kabla ya kuoshwa. Siyo baada, kabla. Mafuta ya nazi yana sifa ya kuingia ndani ya unywele badala ya kukaa juu tu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha yanapunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Watu wa pwani walikuwa wanapaka hata kabla ya utafiti.

Pili zikaoshwa kwa shampuu, siyo sabuni ya mche. Sabuni ya mche ni kali kwa nywele, tena ikikutana na maji ya kisima ya chumvichumvi haikati vizuri, inaacha utando mweupe unaofanya nywele zikae ngumu. Mwenye maji ya mvua aliyokinga kwenye bati ayatunze kwa kazi hiyo.

Tatu zikachanwa zikiwa na unyevu na mafuta kidogo, kwa vidole kwanza, halafu chanuo la meno mapana, kuanzia kwenye ncha kupanda juu. Anayeanzia kwenye ngozi kushuka chini anasukuma mafundo yote yakutane, halafu anavuta, halafu anauliza kwa nini zinakatika.

Nne, kichwa kikagawanywa mafungu kama kumi. Kila fungu likazungushiwa uzi mweusi wa kusukia kuanzia kwenye shina mpaka ncha. Siyo nailoni ya kushonea viatu, hiyo inakata nywele. Pale kwenye shina uzi unakaa wa kushika, haubani. Kipimo cha bibi ni rahisi: "Ukishindwa kukunja uso, nimebana."

Tano, usiku kichwa kikafungwa kitambaa laini cha satini. Kanga ni nzuri kwa mengi, ila kwa kulalia pamba inanyonya mafuta na kusugua nywele. Asubuhi, zikiwa zimekauka kabisa, uzi ukafunguliwa taratibu, nywele zikainuliwa kwa chanuo pale kwenye shina tu, ncha zikaachwa. Kuinua shina ndiko kunakoleta ule ujazo. Anayechana mpaka mwisho anazitawanya na kuzikata.

Zile ncha zilizochanika mara mbili zilikatwa kidogo. Hapo binti alitaka kulia, maana kila sentimita anaihesabu. Lakini ncha iliyochanika inaendelea kuchanika kupanda juu. Kichwa chenye ncha nzima, hata kama kifupi, kinaonekana kimejaa kuliko kirefu chenye ncha kama ufagio uliochakaa.

Gharama yake yote? Uzi wa chenji ya dukani na nazi za nyumbani.

Eti ushamba

Sasa swali la kujiuliza. Kama njia hii ipo, inafanya kazi na ni ya bei ya karanga, kwa nini binti aliyekulia kwenye uzi aende kulipa laki na elfu 35?

Jibu linauma. Ni kwa sababu mjini uzi unaitwa ushamba. Msichana akitokea kazini kasuka uzi anaulizwa kama ametoka kijijini leo. Akitokea na wigi la kukodi, kipara kinaanza mbele, anaambiwa "umetokelezea". Huyo huyo anayecheka uzi akiona mrembo wa Lagos au Marekani kazungushia nywele zake uzi kwenye video, anaandika "wow, natural!" Uzi ni ule ule. Kilichobadilika ni aliyeushika.

Serikali nayo iliwahi kugusa kichwa hiki. Katika bajeti ya mwaka 2019/20 nywele za bandia ziliwekewa ushuru wa asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini na asilimia 25 kwa zinazotoka nje. Kelele zilipigwa, utani ukatengenezwa, na mawigi yakaendelea kuvaliwa. Inaonyesha kitu: bei haiwezi kumzuia mtu anayeona aibu na kichwa chake mwenyewe. Aibu ndiyo mteja namba moja wa biashara hii.

Na aibu ina gharama kubwa kuliko pesa. Nywele zikivutwa kila siku kwa rasta za kubana, gundi au mkia wa farasi uliokazwa, vishimo vinaumia. Mwanzoni mtu akiacha, zinarudi. Akiendelea miaka, ngozi inaweka kovu na pale hapaoti tena, hata anunue kiwanda. Chunusi ndogo pembeni ya paji, maumivu usiku baada ya kusuka, ngozi inayovuta macho juu: hizo siyo dalili za kupendeza, ni kichwa kinaomba msaada. Wapo wasusi wanaosema "vumilia, zitalegea zenyewe". Hapana. Mteja amelipa, ana haki ya kusema legeza sasa hivi.

Dawa za kulainisha nazo zina mjadala wake. Oktoba 2022 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake 33,497. Waliokuwa wakitumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walionekana kupata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili ukilinganisha na wasiotumia. Utafiti mmoja hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa, na hatari yenyewe kwa mtu mmoja bado ni ndogo. Lakini mtu anayeamua aamue akiwa anajua, siyo kwa sababu shosti kamwambia nywele zake "hazichaniki".

Upande wa pili nao usikike

Kuna watakaosema hii ni chuki kwa wadada wanaojitafutia riziki. Haki yao kusema. Biashara ya nywele inalisha watu wengi, kuanzia wasusi wa Kariakoo mpaka kina dada wanaosuka chini ya mwembe. Hakuna anayetaka wafunge. Msusi mzuri anayejua kulegeza mkono ni bora kuliko daktari wa kuchelewa. Hata wigi, likivaliwa kwa kofia laini bila gundi na kuvuliwa usiku, linaweza kupumzisha nywele za ndani.

Wengine watasema siyo kila mtu ana nywele za yule binti. Ni kweli pia. Kuna mwenye nywele nyembamba za kuzaliwa, na uzi hautamgeuza mwingine. Kuna mama aliyejifungua, ambaye miezi kama mitatu baadaye nywele zinamwagika. Hiyo hutokea kwa wengi na mara nyingi hurudi zenyewe ndani ya mwaka. Kuna mwenye mapunye, au viraka vya mviringo vilivyotoka ghafla, au usaha kichwani. Huyo asipoteze muda na uzi wala chupa, aende kituo cha afya.

Lakini hakuna hata mmoja kati ya hao anayesaidiwa na uongo wa siku 14. Mwenye tatizo anacheleweshwa matibabu, asiye na tatizo anatengenezewa.

Na kwa ukweli wote, hata binti wa Mitole hajapona kabisa. Ni miezi mitano sasa. Ameacha gundi, rasta anasuka kubwa na za kulegea, katikati anapumzisha kichwa. Upande wa kulia nywele za mbele zimeanza kurudi, laini kama za mtoto. Upande wa kushoto bado pako wazi, na inawezekana patabaki hivyo. Uzi unafanya zilizopo zionekane nyingi. Zilizong'olewa na gundi hauwezi kuziita zirudi.

Kilichomuuma zaidi siyo nywele. Ni kumwambia mama yake ile pesa ilikwenda wapi. Alimwambia usiku wa kuamkia safari ya kurudi Dar. Mama alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza, "Huyo dada mwenye chupa, yeye analima nini?"

Swali hilo limuendee yule mdada maarufu na wenzake wote wenye chupa. Wauze, nchi huru. Ila siku moja tu wapige video wigi likiwa mezani, kichwa kikiwa wazi, chupa ikiwa mkononi. Wakiuza na hapo, basi watakuwa wameuza mafuta kweli.

Chupa tatu tupu ziko Mitole. Bibi ameziosha, anawekea mafuta yake ya nazi.